Jibu: Uga unakuwa sufuri wapi, sm 20 au sm 60?

Waalaikum salaam ndugu. Una chaji +4 µC (kushoto) na −1 µC (kulia) zilizoachana sm 30; ulitafuta mahali uga wa umeme, yaani nguvu kwa kila kizio cha chaji, ni sufuri, ukapata sm 20 na sm 60 kutoka kwa +4, na hujui uchague lipi. Jibu ni sm 60.

Usianze na kanuni ya Coulomb ya nguvu kati ya chaji, chora mishale kwanza. Katikati ya chaji hizo, +4 inasukuma uga kuelekea −1, na −1 yenyewe inauvuta huko huko. Ni hamali wawili wa Marikiti wanaosukuma mkokoteni upande mmoja: hausimami. Penye sm 20 kila moja inatoa 9 × 10⁵ N/C, jumla 1.8 × 10⁶.

Mlinganyo wa kwadrati hukupa zote mbili kwa sababu kipeo cha pili kinafuta mwelekeo. Upande wa kushoto wa +4 nao haufai, maana chaji kubwa ndiyo iliyo karibu. Basi ni nje, ng'ambo ya −1. x ikiwa umbali kutoka +4, sawazisha uga mbili kisha toa kipeuo cha pili:

2/x = 1/(x − 0.3), x = 0.6 m

Hakikisha: kila moja 1 × 10⁵ N/C, zikipingana. Ukiona sm 24 au sm 40 mahali, hapo ni potenshali (nishati kwa kila kizio cha chaji) iliyo sufuri, si uga.