Papa: kwa nini kuvua palepale?

SWALI: Tangu 1972 watafiti wa North Carolina, Marekani, huhesabu papa katika vituo vilevile viwili. Si wahamie penye papa wengi?

JIBU: Wangepata papa zaidi, lakini wangepoteza kipimo cha kulinganisha mwaka na mwaka. Hutega mshipi mrefu wa ndoana nyingi kusini mwa kisiwa cha Shackleford Banks kila wiki mbili, Aprili hadi Novemba. Papa 10 kwa ndoana 100 si sawa na 10 kwa ndoana 200, hivyo hugawanya kwa ndoana na saa za kutega.

Balaa ni kubadili zana. Papa hukata kwa meno kamba ya nailoni inayoshika ndoana. Ukifunga waya badala yake, wanaonaswa huongezeka ilhali bahari ni ileile. Ikibidi kubadili, tega zana ya zamani na mpya sambamba kwanza, misimu kadhaa. Hata chambo kisibadilishwe.