Vifungio vya Pini: Gramu Chache, Maswali Mengi

Nimeona vifungio vya pini vya skii za kupandia na kushukia mlima, vile vinavyoshika buti kwa pini za chuma mbele na nyuma, vya gramu 120 kwa kila mguu. Ninunue?

Hujataja buti lako, uzito wako wala unakoshukia, ila gramu umezitaja. Vya gramu 120 ni vya mashindano. Kwa kawaida havina breki, kisigino cha kifungio hakisogei kufuata urefu wa buti, na nguvu ya kufyatuka (ya kuliachia buti) kwenda juu inatoka kwenye springi ya umbo la U isiyokazwa wala kulegezwa. Ukitaka nguvu nyingine, unabadilisha springi nzima. Wengi wenu mnahitaji cha gramu 250 hadi 400, chenye skrubu za kurekebisha na kisigino kinachosogea walau milimita 20. Mguuni gramu zinasikika kuliko mgongoni, sikatai. Lakini gramu huulizwa mwisho. Kwanza uliza kifungio kinakuachia vipi unapoanguka.

Buti langu la skii za kawaida litaingia?

Kama halina vishimo vya chuma mbele na nyuma, haliingii. Hata vya mseto kama Salomon Shift, vinavyokubali buti la kawaida wakati wa kushuka, vinadai vishimo vya mbele wakati wa kupanda. Navyo vinakaribia gramu 900, kwa hiyo leo havituhusu.

Skii inachomoka nikishuka. Nifunge kabisa wenzo wa mbele?

Swali hili halichoki kurudi. Usifunge. Wenzo ukivutwa hadi juu ni wa kupandia. Vifungio vingi vya pini hufyatuka kando kwa kisigino kuzunguka, kisha mikono ya mbele hufunguka yenyewe. Ukiwa umeufunga, kisigino kitazunguka lakini ncha ya buti itabaki imeng'ang'aniwa, na msokoto wote utaishia gotini au kwenye mfupa wa mguu. Namba ya nguvu ya kufyatuka uliyoiweka kisiginoni inakuwa pambo tu. Likikukuta poromoko la theluji, skii hiyo inageuka nanga.

Chanzo chenyewe mara nyingi ni barafu. Theluji hushindiliwa chini ya mikono ya mbele, mikono haijifungi hadi mwisho, pini zinashika nusunusu. Kwangua kwa ncha ya fimbo, toa matope kwenye vishimo vya buti, ingiza ncha ya buti, kisha inua na kushusha kisigino mara kadhaa ili pini zisafishe vishimo. Itikise skii pembeni kabla hujaondoka. Ikizidi kuchomoka, kagua vishimo: vikishalika, hakuna springi itakayoviokoa.

Breki au kamba?

Breki. Kamba ni ya kwenye barafu yenye nyufa, na iwe ya kukatika ikivutwa kwa nguvu.

Nina kilo 80. Namba ya kufyatuka niweke 8?

Nani aliwafundisha kugawa kwa kumi? Namba hutoka kwenye jedwali la ISO 11088, kiwango cha kimataifa cha kurekebisha vifungio: uzito, kimo, umri, ustadi na urefu wa soli ya buti. Kilo 80 za kijana mkali na kilo 80 za mzee anayejifunza si namba moja. Tena, kama kifungio hakijapimwa kwa ISO 13992, kiwango cha vifungio vya kupandia, namba iliyochorwa juu yake ni makisio ya kiwanda. Mpe fundi mwenye mashine aipime.

Nimevifunga kwenye skii mwenyewe, na kisigino cha buti kinagusa kifungio. Ni kosa?

Vipo vinavyotakiwa kugusana, ila vingi vinataka mwanya: mara nyingi milimita 4, vingine 5.5. Kwenye boksi huwa kuna kipimo cha plastiki. Ndicho hicho mlichokitupa. Bila mwanya, skii ikipinda buti na kifungio husukumana, pini za kisigino hubana, na nguvu ya kufyatuka si ile uliyoiweka. Mwanya ukizidi, buti huponyoka. Skrubu ya kusogeza ikiishiwa nafasi, usiilazimishe. Toboa upya, sentimita 1 au zaidi kutoka matundu ya zamani, kina milimita 9, kwa keekee ya milimita 3.6 kama skii haina bati ndani na 4.1 kama inalo. Matundu ya zamani yazibe kwa vizibo na gundi siku hiyohiyo, kabla maji hayajaingia kwenye mbao.