Kondoo Wako Hajagoma, Anakuchunguza

Msomaji mmoja wa Iramba kanitumia ujumbe wiki iliyopita: "Kaka, nimenunua mashudu ya alizeti magunia matatu, kondoo wananusa tu wanaondoka. Nimeliwa?" (Mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa mafuta.) Ujumbe ulinikuta ndiyo kwanza natoka mnadani, na wachuuzi wawili bado wananipigia kuulizia waliobaki. Huku Singida mwezi wa kumi nyasi zimeshakuwa vumbi, mifugo ya watu inahesabika mbavu, na wangu wana migongo ya mviringo. Mniache nijisifu kidogo, maana maneno niliyokula kabla ya kufika hapa ni mengi.

Nilipoanza kuzunguka mashambani baada ya mavuno nikiokota mabua, vichwa vya alizeti vilivyokwisha kupurwa na maganda ya choroko, kijiji kizima kilipata cha kuongea. Shemeji yangu, ambaye tulikubaliana tufuge pamoja, alichomoa hela yake. Akasema hawezi kushirikiana na mtu anayelisha wanyama takataka. Angeniambia pembeni ningemwelewa, lakini alisema msibani, wazee wamekaa, mama yangu anasikia. Linaniuma mpaka leo, sifichi. Ndiyo maana naandika kwa urefu: wewe uliyeamua kutoka kwenye ufugaji wa kuchunga na kuomba mvua, jiandae kuchekwa, tena na watu wa karibu.

Haya, tuje kwa kondoo. Kosa la wengi ni kuanza na kilo na bei kabla hawajamtazama mnyama anavyokula. Ng'ombe anazungusha ulimi anavuta fungu zima. Kondoo ana mdomo mwembamba, na wa juu umepasuka katikati, hivyo anachagua jani moja moja. Mtupie bua zima la mahindi: atamaliza majani na maganda ya gunzi, mti atauacha umelala.

Ninaye jike mmoja mwenye sikio lililochanika. Naye ndiye mwalimu wangu. Anaingiza pua kwenye hori, anapuliza pumba zikae kando, anachimba hadi kwenye maganda ya choroko, anavuta moja, anatafuna huku kaangalia pembeni kama hana habari. Wenzake wakimwona katafuna, hao, wote vichwa ndani. Asipokula yeye, hali mtu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Iramba, hujaliwa. Kondoo akikutana na chakula kigeni anaonja kidogo, kisha anasubiri tumbo limjibu. Tabia hiyo ndiyo inayomkinga na majani ya sumu porini. Likimvuruga, ataikimbia ile harufu kwa muda mrefu, hata umbembeleze vipi. Anza na konzi, uchanganye na kitu anachokijua, uongeze polepole kwa muda wa wiki mbili hivi. Ukiwa na mmoja aliyezoea, mweke katikati yao. Na wanakondoo waache wale pembeni ya mama zao, maana walichokionja wakiwa naye hawatakiogopa ukubwani. Polepole, nasema tena. Vijana wenzangu tunataka leo tununue, kesho wanenepe, keshokutwa tupige picha na Dorper, wale kondoo wa kisasa wa nyama. Tumbo la kondoo halijui haraka zako.

Kuhusu mabua, una njia mbili. Ama uweke mengi, ukubali kama robo ibaki, na hayo mabaki uyapeleke kwa ng'ombe. Ama uyakatekate yawe na urefu wa sentimita mbili tatu ili asipate nafasi ya kuchambua. Ila usisage yakawa unga! Chakula cha unga hakitafunwi, na asipotafuna mate yanapungua, wakati mate ndiyo yanayopoza asidi tumboni. Kondoo anayekula majani makavu ya kutosha hucheua kwa jumla ya karibu masaa manane kwa siku. Mimi mchana wakilala kivulini napita kuwatazama mataya. Kama nusu yao wanacheua, natembea zangu. Wakiwa wachache, napunguza pumba jioni hiyo hiyo.

Sasa mashudu. Mabua ya mahindi yana protini kama asilimia 4 au 5, na chakula kikiwa chini ya asilimia 7 vijidudu vya tumboni vinakosa nguvu ya kukivunja. Kondoo anajaa, anaacha kula, wewe unadhani ameshiba kumbe tumbo limekwama. Mpe mashudu kidogo, halafu utamwona anarudi kwenye mabua yale yale aliyoyaacha asubuhi. Hapo ndipo faida ilipo: mashudu yanamfanya ale zaidi kile ulichokiokota bure. Kondoo wa kilo 30 anahitaji kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa inaweza kuwa hicho cha bure. Maji yawepo muda wote. Asiyekunywa hali vikavu.

Mambo mawili sina mzaha nayo. Mashudu au mabua yenye ukungu, tupa, usimwonee huruma mfuko wako. Na chakula cha kuku au nguruwe kisiingie kwenye hori la kondoo, hata kama kimebaki na unaona uchungu kukipoteza. Mara nyingi kimeongezwa madini ya shaba, na kondoo hayawezi. Yanajikusanya kwenye ini kimyakimya, halafu siku moja unamkuta mnyama aliyekuwa mzima jana amekufa.

Magunia yako matatu yapandishe kwenye chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Mwakani usisubiri kiangazi kikaze ndipo uende kwenye mashine za kukamua. Nenda baada tu ya mavuno, alizeti ikiwa inakamuliwa kwa wingi, na ukague gunia kwa kuingiza mkono hadi chini, maana la juu kila muuzaji hulipanga vizuri.