Hadithi inapofukuza usingizi

SWALI: Wanangu wana miaka minne na saba. Kila usiku baada ya Isha nawatolea hadithi, lakini badala ya kusinzia wanazidi kuchangamka na kudai nyingine. Nakosea wapi?
Mama wa wawili, Langoni, Lamu

JIBU: Dada yetu, huenda unamaliza wakati hadithi ingali imepamba moto. Wawe wameshaingia ndani ya chandarua kabla hujaanza, maana hadithi ya uani huvunjika wakihamia kitandani. Kelele zote ziishie mwanzoni: "Paukwa!" "Pakawa!" Vitendawili navyo viwe hapo, viwili tu. Mkiviweka mwisho, mmoja atadai apewe mji na ubishi utaanza. Kisha shusha mwendo: "Kaondokea Chanjagaa, kajenga nyumba kakaa..."

Tuchukue hadithi ya Kima na Papa, ambamo Papa anambeba Kima mgongoni kumpeleka kwao. Kilele ni pale baharini, Papa anapofichua kwamba sultani wao mgonjwa anatakiwa dawa ya moyo wa kima. Kwa hadithi ya dakika kumi, ufike hapo dakika ya tano. Usipaze sauti; nong'ona, nao watanyamaza wapate kusikia. Kima anamdanganya kwamba moyo wake kauacha mtini; nusu iliyobaki iwe safari ya kurudi mkuyuni, kwenye mti wa Kima, kuufuata huo moyo "uliosahauliwa", na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Kima kapanda, katulia. Papa anaita, hajibiwi. Tunda bivu linaanguka majini: chubwi. Vuta pumzi mbili. Jingine: chubwi. Vuta pumzi nne.

Wengi huunga hapo kisa cha punda wa dobi. Kina utamu wake, ila kiweke usiku mwingine na uanze mapema: ni hadithi ndani ya hadithi, na punda huuawa na simba. Mdogo atapotea, mkubwa atafungua maswali.

Funga kwa maneno yale yale kila usiku: "Hadithi yangu imeishia hapo, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu mwenyewe." Zima taa. Ukiuliza "mmejifunza nini?" umewaamsha upya; swali hilo lingoje asubuhi kwenye chai. Wakiomba nyingine, wape "chubwi" mbili tatu, basi.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitatu anataka hadithi moja kila siku, na nikibadilisha neno anagomba. Nimkatalie?
Baba, Malindi

JIBU: La, baba, mpe hiyo hiyo. Anagomba kwa kuwa keshaihifadhi, na kwa kurudiarudia ndivyo anavyoyashika maneno. Mwachie mapengo, tuseme katika hiyo ya Kima na Papa: "Moyo wangu nimeuacha..." kisha hesabu moyoni hadi tano, amalizie mwenyewe "mtini!" Mapengo matatu yanatosha, tena yote kabla ya safari ya kurudi. Usiku ambao hajazi pengo, usimwulize kama yu macho. Endelea kwa mnong'ono mpaka mkuyuni.