Namna ya kumwondoa fuko shambani bila sumu wala petroli

Ndugu, umeeleza kwamba karoti na viazi vyako vinanyauka bila ugonjwa unaoonekana, kwamba vifusi vya udongo vinaongezeka kila asubuhi hadi karibu na ukuta wa nyumba, na kwamba jirani amekushauri umimine petroli kwenye mashimo. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi ninalima karoti, viazi mviringo na majani ya ng'ombe kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Arumeru, ambako karibu kila shamba lina fuko wake, na njia ninayoitegemea ni mtego wa kitanzi uliotegwa mahali panapostahili.

Kwanza uwe na hakika kwamba mharibifu ni fuko. Ukivuta karoti iliyonyauka ukabaki na majani pamoja na kisahani chembamba cha kichwa chake, na pale ilipokuwa pakawa na tundu la mviringo linaloelekea pembeni, basi ni yeye. Fuko hula kuanzia chini, na mara nyingine huuvuta mmea mzima ukazama ardhini majani yakiwa bado mabichi. Hutaona mlango wa njia zake, kwa sababu hauachi wazi. Utaona kifusi tu, na kifusi chenye udongo wenye unyevu ndicho kinachokuonyesha mahali alipofanya kazi usiku uliopita au asubuhi hiyo.

Mambo mawili katika maisha yake ndiyo yanayoamua kila kitu. La kwanza ni kwamba fuko wa huku kwenye nyanda za juu hukaa peke yake: kila mmoja ana mtandao wake wa njia na hamkaribishi mwenzake isipokuwa wakati wa kuzaana. Kwa hiyo shamba linaloonekana kuvamiwa na jeshi zima huenda lina fuko wachache sana, na kumtoa mmoja ni nafuu inayoonekana. La pili ni kwamba hawezi kuvumilia njia yake ikiwa wazi. Mara tu anapohisi hewa au mwanga unaingia, huja akisukuma udongo mbele yake ili azibe, maana kupitia tundu hilo nyoka anaweza kuingia.

Tabia hiyo ya kuziba ndiyo inayoyafanya maji, moshi na petroli kuwa kazi bure. Akisikia harufu ngeni huweka kizibo cha udongo na kuendelea na maisha upande wa pili, na udongo wetu huu wa volkano hunywa maji ndoo kwa ndoo bila kumfikia. Petroli huua udongo wako mwenyewe na inaweza kulipuka. Vidonge vya kuhifadhia nafaka, ambavyo najua wapo wanaovitumbukiza mashimoni, ni hatari zaidi, kwa sababu vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini isiyo na dawa ya kuipoza mwilini, na njia za fuko zinazopita karibu na msingi wa nyumba zinaweza kuipeleka gesi hiyo chumbani wanakolala watoto. Jambo hili nalisema kwa uzito wote. Sumu ya panya nayo haina maana kubwa, kwani fuko anayezungukwa na mizizi mibichi hana haja na punje kavu, na anayeweza kuiokota ni kuku au mbwa wako.

Sasa mtego. Chukua vifusi viwili vipya vilivyo jirani, kisha choma ardhi katikati yake kwa fimbo iliyochongwa. Ukiifikia njia utasikia fimbo inazama ghafla, kwa kawaida katika kina cha shubiri moja au mbili. Fungua hapo kwa panga, usafishe udongo uliomwagika ndani, na utaona midomo miwili ya njia ikitazamana. Tega pande zote mbili, kwa kuwa hujui yuko upande gani. Kitanzi cha waya mwembamba, kama ule wa breki ya baiskeli uliochambuliwa, kikae kimegusa kuta za njia pande zote, kidogo kwa ndani, kisha ncha yake ipitishwe juu kupitia mwanya mwembamba uliokatwa kwenye udongo na kufungwa kwenye fimbo mbichi iliyopindwa. Fimbo hiyo izuiwe kwa uzi wa katani unaokatiza njia mbele ya kitanzi, umefungiwa kipande cha kiazi kitamu. Fuko akija kuziba hukuta uzi umemzuia, huukata kwa meno, fimbo inafyatuka, na kitanzi kinambana kwenye dari la njia.

Paka mikono udongo wa shimo lilelile kabla ya kushika waya. Funika juu kwa majani, lakini acha mwanya mdogo wa hewa, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayomwita. Mara nyingi huja siku hiyohiyo, kwa hiyo kagua mara kwa mara asije akateseka, na ukimkuta hai mmalize kwa pigo moja la kisogoni. Usimshike kwa mkono mtupu: yale meno ya rangi ya chungwa, yanayobaki nje hata mdomo ukiwa umefungwa, ndiyo jembe lake la kuchimbia.

Kuhusu mmea wa utupa ambao wengi huusifia, mimi nimeupanda mpakani na naupenda kwa sababu majani yake ni mbolea nzuri, lakini sijauona ukimzuia fuko aliyekwisha kuzoea shamba. Isitoshe, una rotenoni inayoua samaki, hivyo usiupande kandokando ya mfereji au bwawa. Kwa kitalu kidogo, wavu wa waya uliotandikwa chini ya tuta na kupandishwa ubavuni unafaa kuliko utupa. Na yule ndege mwindaji mwenye tumbo jeupe na mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo, msimfukuze, kwa kuwa fuko ni chakula chake.

Msimu mzuri wa kutega ni masika, udongo ukiwa laini na vifusi vikiwa vingi. Ukishamtoa, vunja njia zake kwa jembe mpaka unapoweza kufika, kwa maana njia iliyo tupu hupata mwenyeji mwingine kutoka shamba la jirani. Baada ya hapo pita mpakani kila asubuhi, na kifusi cha kwanza utakachokiona upande wako kitegee siku hiyohiyo.