Anko, zombi na msukule ni ndugu?

SWALI: Shikamoo anko. Nakuandikia toka Nkuhungu hapa Dodoma. Jumapili tulikuwa sebuleni tunaangalia muvi ya mazombi, zile za kutafsiriwa na dijei, na bibi yetu katoka Mpwapwa kuja kutibiwa macho, yupo kwenye mkeka anachambua mlenda wala haangalii, mara kainua kichwa akasema "mbona hao misukule wanakimbiakimbia tu, nani anawalimisha?" Tulicheka mpaka basi. Ila swali limenikaa. Ni kitu kimoja au?

JIBU: Marahaba. Kwanza mkamwombe bibi msamaha, maana yeye peke yake ndo kaielewa hiyo muvi.

Zombi wa mwanzo hang'ati mtu, analima. Katokea Haiti, kipindi hicho ikiitwa Saint-Domingue chini ya Mfaransa, watu wametolewa Afrika, wengi Kongo na pwani ya magharibi, wanalimishwa miwa mpaka wanakufa. Sasa kwao kufa ilikuwa ni kurudi kwenu, roho inakwenda Ginen, yaani Afrika. Halafu fikiria umekufa, umezikwa, unasema angalau nimepumzika, usiku mtu anakufukua anakurudisha shambani, na safari hii hakuna kufa tena. Hiyo ndo hofu yenyewe mdogo wangu, watu hawakuogopa kuumwa na zombi, waliogopa kufanywa zombi. Waliasi 1791, wakajitangazia uhuru 1804, stori ikabaki.

Weka na msukule wetu uone. Huyu mchawi kamficha, ndugu wameshamaliza matanga, kumbe usiku yuko shambani kwa watu analima, kakatwa ulimi, analishwa pumba. Wa Haiti naye anapewa chakula kisicho na chumvi, maana akionja chumvi tu anazinduka, anajua kumbe nilishakufa, anaondoka zake kurudi kaburini. Sisemi huyu kamzaa yule. Ila bibi katoka Mpwapwa, palikuwa kituo cha misafara ya kutoka Tabora kwenda Bagamoyo, pembe za ndovu na watumwa vimepita hapohapo, kwa hiyo stori ya mtu kuchukuliwa akafanyishwe kazi asikojulikana haihitaji kutoka Haiti ndo ieleweke Ugogo.

Sasa utauliza, watu wa muvi za Marekani waliiba stori ya Haiti? Kidogo ndiyo. Wanajeshi wa Marekani waliikalia Haiti toka 1915 mpaka 1934, na humo humo, 1932, ikatoka muvi inaitwa White Zombie. Hiyo bado ina kazi ndani yake, kuna kiwanda cha sukari mazombi wanazungusha mashine, mmoja anadondoka ndani na wenzake wanaendelea kuzungusha kama hakuna kitu. Ile sehemu mimi ilininyima usingizi kuliko damu zote za siku hizi. Baadaye 1968 George Romero katoa Night of the Living Dead, na hapo ndo wafu wakaanza kula watu, shamba na mwenye shamba wote wakafutwa. Lakini angalia mwisho wake: shujaa ni mtu mweusi, Duane Jones ndo kacheza, kapambana usiku kucha kabaki hai peke yake, asubuhi wazungu wenye bunduki wanakuja kuokoa watu, wanamwona dirishani, wanampiga risasi wakidhani ni mmoja wa wafu. Marekani ya mwaka huohuo aliouawa Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi, nani angehitaji kutafsiriwa na dijei.

SWALI: Anko na mumiani je? Au ni uongo wa kututisha watoto? (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Wa kunyonya damu sijamwona. Ila enzi za mkoloni watu Dar na Nairobi waliwakimbia wazimamoto kabisa, wakiamini wanakamata watu usiku kuwatoa damu, na weusi wa Marekani nao walikuwa na "madaktari wa usiku" wanaoiba watu wakawapasue. Usicheke, kule Tuskegee, Marekani hukohuko, toka 1932 mpaka 1972 serikali iliwaangalia tu mamia ya wanaume weusi wenye kaswende, dawa ipo na hawapewi. Mimi mwenyewe Kongwa nikiwa mdogo, Land Rover ikitokea tu tunazama kwenye mtama wote, mara moja tulikaa humo mpaka jua linazama, kumbe walikuwa watu wa chanjo.