Maswali ya Wasomaji: Mnara ukianguka, nani amekufa?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki watano ambao hukutana kila Jumamosi usiku kutunga hadithi za kutisha kwa zamu, kila mmoja akiendeleza pale mwenzake alipoishia. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa kweli ana kipaji, huwaua wahusika wote kabla zamu haijazunguka mara mbili, nasi tukabaki kucheka. Tena, juma lililopita hadithi iliingia wodi ya watoto, na dada mmoja aliyefiwa akanyamaza hadi tulipoagana. Je, uko mchezo wenye kanuni utakaotufaa? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mchezo huo uko. Hadithi zenu hazitishi kwa sababu kifo ndani yake ni cha bure: mmoja akishatamka kwamba fulani amekufa, basi amekufa, na waliobaki hawakupata hata nafasi ya kuogopa. Ninawapendekezea Dread, mchezo wa simulizi uliotolewa Marekani mwaka 2005 na Epidiah Ravachol pamoja na Nathaniel Barmore. Hautumii dadu hata moja, kwani uhai wa wahusika wote umewekwa katika mnara wa Jenga, ule mchezo wa kuchomoa vipande vya mbao kimoja kimoja bila kuuangusha mnara.

Jenga, kama jina linavyojitaja, ni neno letu. Leslie Scott, aliyeuzindua mchezo huo London mwaka 1983, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukua akizungumza Kiswahili, naye aliupa jina la kitenzi cha kuamuru kujenga ilhali kazi kubwa ya mchezaji ni kubomoa. Mnara una vipande 54, yaani safu 18 za vitatu vitatu. Msipoupata dukani, seremala anaweza kuwakatia, mradi urefu wa kila kipande uwe mara tatu ya upana wake na vyote vipigwe msasa vizuri.

Katika Dread mmoja wenu huwa msimulizi, na wengine kila mmoja hushika mhusika wake. Mhusika akitaka kufanya jambo gumu, tuseme kuteremka kisimani gizani au kumziba mtoto mdomo asilie wakati zimwi linapita, mwenye mhusika huyo huvuta kipande na kukiweka juu. Anaweza kukataa kuvuta, lakini jambo lile litamshinda na hadithi itaendelea kumwelemea. Mnara ukimwangukia mkononi, mhusika wake ametoka: amekufa, amerukwa na akili au amepotea msituni. Iko pia kanuni ninayoipenda kuliko zote, kwamba mchezaji anaweza kuubomoa mnara kwa makusudi, mhusika wake akafa, lakini lile alilokusudia likatimia.

Huyo mwenye kipaji mpeni usimulizi. Kanuni zitamfunga mikono, kwani anaweza kuleta jini, mafuriko na taa inayozimika, lakini hawezi kumuua mtu wakati mnara bado umesimama. Yeye ndiye pia atakayeandaa dodoso ambalo kila mchezaji hujaza kabla ya kuanza, na humo ndimo hofu hupandwa. Asiulize, "Je, unaogopa maji?" Aulize, "Kwa nini tangu mwaka juzi hujakanyaga ufukweni?" Swali la namna hiyo humlazimisha mtu kujitungia siri, naye msimulizi anaiweka akiba hadi usiku uwe mzito.

Niliwahi kukaa katika mchezo mmoja ambapo dada mwenye maneno mengi kuliko sote alikaa kimya kama dakika mbili, kidole kikiwa kwenye kipande cha katikati, na hakuna aliyethubutu kuinua kikombe chake cha chai. Mnara haukuanguka wakati huo. Ulianguka baadaye, mwenzetu alipoigonga meza ya plastiki kwa goti, na tukabishana kwa muda mrefu kama ajali hiyo inahesabiwa. Inahesabiwa: aliyeuangusha ndiye aliyetoka.

Kuhusu dada aliyefiwa, msingoje anyamaze tena. Kabla ya kuanza, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi, bila kutia jina, mambo asiyotaka yaguswe, kisha msimulizi avisome vyote. Halafu wekeni katikati ya meza kadi yenye alama ya X, utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos wa New York: yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linaondolewa papo hapo na hakuna anayemwuliza sababu. Nami naongeza la kwangu: msitumie jina la jirani yeyote, hata kwa mzaha, maana tuhuma za uchawi hupenya kuta.

Mchezo mmoja huweza kuchukua saa tatu au nne, basi anzeni mapema, na meza iwe ya mbao.